Mkono Uliolegea

Peragia aliuchukua mshale wa ubao kutoka mezani, akaugeuza huku na huku, akaurudisha.

"Ubao," alisema. "Baba yangu ameuawa na ubao."

Walikuwa watatu tu katika chumba cha waamuzi, kando ya uwanja. Peragia alikuwa mwamuzi wa Kilimani. Mwamuzi wa Bondeni alikuwa dada mmoja aliyeitwa Sikujua. Katikati yao alikaa Mzee Hango, mtu wa mbali, asiye na ndugu upande wowote. Ndiye aliyewafundisha wote wawili kupuliza filimbi.

"Haukumwua, dada Pera," Sikujua alisema. "Mshale hauoni. Unageuka tu, mpira huu wenu, ujao wetu."

"Sema kwa sauti, wewe! Ukiwa na filimbi una mapafu ya ng'ombe. Ukiitoa mdomoni, sisimizi."

Mzee Hango alicheka kidogo puani, kisha akaacha, kwa sababu Peragia hakuwa anacheka.

"Nikueleze ninavyoona," Peragia aliendelea. "Msimu uliopita, mpira wa mwisho. Ulikuwa kifuani kwa mtoto wetu. Kifuani! Mtoto wenu ameugusa kwa vidole viwili kama mtu anayeonja mchuzi. Ukapuliza. Ukasema mpira wa wawili. Ukaangalia ubao, ubao umeelekea kwenu, mkapewa mpira, mkafunga. Viti vya mchana vikaja Bondeni. Baba akangoja viti vya jioni, na vya jioni havikumfikia."

"Nilifuata sheria."

"Najua ulifuata sheria. Ndiyo maana nimekuja na sheria nyingine."

Sikujua alitazama mikono yake. Alikuwa amekwenda msibani Kilimani, akakaa na wanawake wengine, akala ubwabwa wa matanga. Peragia alimkaribisha vizuri siku ile. Hakumwambia neno.

Chujio lilikuwa moja kwa miji yote miwili. Lilikuwa kubwa kama nyumba, na lilisafisha damu za watu ambao figo zao zilikuwa zimeharibiwa na maji ya chumvi. Visima vyote vilikuwa na chumvi sasa, ila vya Bondeni vilizidi, kwa sababu chumvi huteremka. Chujio liliendeshwa kwa jua. Aliyekaa kiti cha mchana alisafishwa akasafika. Aliyekaa jioni alisafishwa nusu, na wengi walirudi nyumbani bila kuguswa. Zamani wanaume wa miji hii walipigania viti kwa mapanga. Makaburi yao yako pande zote za barabara. Baadaye ilikubaliwa kwamba viti vitachezewa, kila msimu mchezo mmoja wa mpira wa kikapu, na watakaocheza ni wanawake. Wanaume wakae nje ya kamba.

Peragia alitoa kichupa mfukoni. Ndani kulikuwa na kitu kama uji mwepesi.

"Huu ni utando. Unapakwa kiganjani, unakauka, unakuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Unasikiliza mishipa ya mkono. Unajua nani ameushika mpira kwanza, nani ameukaza na nani ameulegeza. Ndani ya mpira kuna taa. Bluu ni sisi, nyekundu ni nyinyi. Wawili wakishika, hakuna ubao. Tunaangalia taa. Aliyelegeza ameuachia, mwenzake ndiye mwenye mpira."

"Na asipolegeza mtu?"

"Mmoja hulegeza tu. Hakuna mikono miwili iliyo sawa duniani."

Mzee Hango alimtazama Sikujua. "Sheria haibadiliki mpaka sote watatu tukubali. Mimi sijasema kitu bado. Lakini lazima ujue, mwanangu. Kilimani wameniambia hawatacheza tena kwa mshale."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Chujio lilikuwa upande wa juu, langoni mwa Kilimani. Bila mchezo, lango lingefungwa.

Sikujua alijua pia jambo ambalo Peragia hakulisema. Bondeni waliishi kwa mshale. Wasichana wao walichoka mapema, pumzi zao zilikuwa fupi, na hawakuweza kukimbia na wenzao wa juu. Kwa hiyo walijifunza kung'ang'ania. Mtu wa Kilimani akikamata mpira, wa Bondeni aliurukia na kuushika naye mpaka filimbi ilie. Mshale uliwapa nusu ya mipira hiyo, bila kuuliza nani ana nguvu. Nusu ilitosha. Mama yake Sikujua alikuwa hai kwa nusu hiyo.

"Tujaribu kwanza," alisema. "Mchezo wa majaribio. Nione."

"Umesemaje?"

"Nataka nione," alisema, safari hii kwa sauti.

*

Waliwapaka wachezaji utando asubuhi, wakawakausha juani wakiwa wamenyoosha viganja kama watu wanaoomba dua. Tatu, mdogo wake Sikujua, alikuwa nahodha wa Bondeni. Alinusa mkono wake.

"Unanuka mlenda," alisema.

"Usiulambe."

"Nani kasema nitaulamba?" Akaulamba. Wenzake wakaangua kicheko.

Mchezo ulipoanza, Sikujua alitarajia kuona ubaya wa taa, na hakuuona. Wawili wa kwanza waliposhika mpira, yeye kwa macho yake aliona kwamba wa Kilimani ndiye aliyewahi. Taa ikawaka bluu. Mara ya pili aliona Tatu amewahi. Taa ikawaka nyekundu, na Tatu akaunyanyua mpira juu akipiga kelele, "Wetu! Wetu, nyie wala viazi!" Watu wa pande zote mbili walipiga makofi. Hata wanaume nje ya kamba waliacha kubishana. Ilikuwa mara ya kwanza Sikujua anapuliza filimbi na hakuna anayemtukana.

Akawaza kwamba huenda Peragia alikuwa na haki. Kama ukweli unaonekana, kwa nini mtu aufiche nyuma ya ubao?

Halafu Kilimani wakamwingiza Mama Eliamani.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, kichwa kimeanza kuwa na mvi. Alicheza tangu msimu wa kwanza kabisa. Tena alikuwa mkunga. Hakukuwa na mkunga mwingine karibu, kwa hiyo wengi wa wasichana waliokuwa uwanjani, wa juu na wa chini, mikono yake ndiyo iliyowatoa. Aliingia taratibu, akajinyoosha kiuno, akacheka mwenyewe.

Mpira ulianguka kati yake na Tatu. Tatu aliufikia kwanza. Sikujua aliona vizuri, Tatu aliukumbatia kwa mikono yote miwili, kisha mikono ya Mama Eliamani ikaja juu yake.

"Haya, mwanangu," Mama Eliamani alisema akihema. "Mama hajambo?"

"Shikamoo, mama," Tatu alisema.

Taa ikawaka bluu.

Tatu alitazama mpira kana kwamba umemsingizia. "Mbona nimeushika!" alisema. "Dada, si umeona? Nimeushika!"

Sikujua aliona. Alikuwa ameona pia kitu kidogo sana, kwenye vidole. Ukishika kitu pamoja na mkubwa wako, sahani, kiti au jembe, unalegeza. Huambiwi. Unalegeza kabla hujafikiri, kama unavyofumba jicho vumbi likija. Wakati mdomo unasema shikamoo, mkono umekwishaachia.

Ikawa hivyo kwa msichana wa pili, na wa tatu. Mama Eliamani hakufanya kwa hila. Ndivyo alivyo, hawezi kugusana na mtoto aliyemzalisha asimjulie hali. Lakini baada ya mpira wa nne, wenzake wa Kilimani walielewa. Wakaanza kumtumia yeye kila mahali. Na Mama Eliamani mwenyewe, mpira wa tano, alisema salamu yake kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtoto usoni.

*

"Hawakuuachia mpira," Sikujua alisema walipokuwa tena chumbani. "Walimheshimu."

"Utando utajuaje heshima?" Peragia aliuliza. "Mkono umelegea au haukulegea?"

"Ulilegea."

"Basi."

"Lakini wenu hawakulegeza hata mara moja."

"Kwa nini walegeze? Wameshindana na wa rika lao. Nanyi leteni mama mtu mzima. Nani kawakataza? Leteni bibi kizee, wetu nao wamwamkie, taa iwake nyekundu mpaka tuchoke."

Sikujua hakujibu mara moja. Peragia alikuwa mwepesi wa maneno na hakupenda kusubiri, lakini safari hii alisubiri, na polepole uso wake ukabadilika.

"Hatuna mchezaji wa miaka hamsini," Sikujua alisema. "Bondeni hatuna watu wengi wa miaka hamsini, dada Pera."

Nje, mtu alikuwa anadundadunda mpira peke yake kwenye saruji.

Mzee Hango alijikuna ndevu. "Utando unaweza kufundishwa usihesabu kulegea?"

"Niliwauliza walioutengeneza," Peragia alisema. Sauti yake haikuwa kali tena. "Ukiambiwa usihesabu kulegea, hausikii kitu. Kushika na kuachia ni mshipa mmoja. Ndivyo walivyoniambia."

"Basi tuweke kifungu," Sikujua alisema. Hakuwahi kumpa Mzee Hango agizo. "Kiseme, ndani ya uwanja hakuna kusalimiana. Anayemwamkia mwenzake mpira ukiwa mkononi, faulo."

Mzee Hango alipitisha kiganja kichwani.

"Unataka niandike," alisema, "kwamba mtoto akimwamkia mkubwa, apigwe faulo? Mimi? Na mvi hizi?"

"Uwanjani tu, mwalimu."

"Uwanja uko wapi, Sikujua? Wanaocheza ni hawahawa. Wakitoka pale wanakwenda kuchota maji njia moja." Akatikisa kichwa. "Siwezi. Nitakubali taa, kwa sababu taa haisemi uongo. Ningeukubali hata mshale, kama mngekubaliana. Hilo la salamu sitaliandika. Mtaniua bure."

"Mwalimu, mama yangu yuko kwenye viti vya mchana."

"Najua."

"Tukishindwa—"

"Najua, mwanangu. Hata baba wa huyu alikuwa kwenye viti hivyo."

Peragia alikuwa anaukwangua utando aliojipaka naye kiganjani kwa ukucha, ukitoka vipande vipande.

"Nikikataa?" Sikujua aliuliza.

"Ukikataa hakuna mchezo," alisema Mzee Hango. "Wanaume watavuka kamba. Mimi nimeshazika watu wa mambo hayo, sina nguvu ya kuzika tena. Nenda nyumbani. Utatujibu kesho."

*

Mama yao alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba, ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza yote bila kukatiza. Tatu ndiye aliyeeleza, kwa kurukaruka na kuigiza kila mtu, mpaka sauti ya Mama Eliamani. Mama alicheka alipofika hapo.

"Eliamani maskini," alisema. "Siku nakuzaa wewe, Tatu, alinitukana usiku kucha. Asubuhi akanisalimia kama mama mkwe." Kisha akasema, "Lete sufuria."

"Ipi?"

"Ile kubwa."

Tatu alileta. Mama alikamata sikio moja la sufuria, akamwonyesha Tatu ashike la pili.

"Vuta."

Tatu alivuta. Mama akasema, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo." Sufuria ikabaki mkononi mwa mama.

"Tena."

"Mama, si nimesahau tu."

"Tena, nimesema. Mimi ni Eliamani. Nimekuzalisha. Hujambo, mwanangu?"

"Shika—" Sufuria ikaenda.

Sikujua alisimama mlangoni akiwatazama. Alitaka kucheka na mwanzoni alicheka. Lakini mama hakuacha. Kila mara alimsalimia kwa namna nyingine. Mara kwa upole. Mara alimwita kwa jina la marehemu bibi yao, ambalo hutumika nyumbani tu. Mara alijifanya kuumwa mgongo, kisha akakumbuka kwamba kweli unauma, akapumzika, akaanza upya. Tatu alianza kulia. Hakulia kwa uchungu, alilia kwa hasira ya mkono usiomsikiliza.

"Usiniangalie usoni," mama alimwambia. "Angalia sikio la sufuria. Hapa hakuna mama. Hapa kuna kitu chako, na kuna mtu anakichukua. Hujambo, mwanangu?"

Tatu alikaza meno. Hakuitikia. Alivuta, na sufuria ikamtoka mama kwa nguvu, mama akayumba kwenye kizingiti na miguu yake iliyovimba ikaanguka kutoka kwenye ndoo.



"Eeh," mama alisema. "Hivyo." Alijipangusa vumbi gotini. "Waite na wenzako. Wote. Kila mmoja aje na mama yake."

Baadaye, Tatu alipokuwa ametoka kwenda kuwaita, Sikujua alikaa chini karibu na miguu ya mama.

"Sitaki kukubali," alisema.

"Ukikataa?"

"Watafunga lango."

"Basi unaniuliza nini?"

"Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba sitaki."

Mama alimwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mzito na wa baridi, kama ulivyokuwa siku zote karibu na siku ya Chujio. "Tangu mdogo ndivyo ulivyo," alisema. "Ukitaka kitu unanyamaza, usipotaka unanyamaza. Leo umesema. Inatosha."

Kesho yake Sikujua alikubali. Peragia hakushangilia. Mzee Hango aliuchukua mshale mezani, akatafuta mahali pa kuuweka, hakupata, akaufunga kwenye gazeti na kuuingiza kwenye mfuko wake wa nguo.

*

Mwezi ule Bondeni yote ilijifunza. Ungeweza kusikia sufuria zikigonga ukuta nyumba hadi nyumba. Watoto waliokuwa hawachezi nao walijifunza, kwa sababu watoto hupenda mchezo. Ikawa kawaida kumkuta mtoto amemkazia bibi yake kikombe, na bibi anasema, "Vizuri, vizuri." Wazee waliopita njiani walianza kusalimia wao kwanza, na mara nyingine hawakujibiwa.

Siku ya mchezo Mama Eliamani alianza tangu mwanzo. Mpira wa wawili wa kwanza ulikuwa wake na msichana mmoja wa Bondeni, mwembamba, mwenye kikohozi. Mama Eliamani alimsalimia. Msichana alitazama mpira. Taa ikawaka nyekundu.

Kelele za Bondeni zilitikisa kamba. Mama Eliamani alisimama kidogo, mikono bado imekunjwa mahali mpira ulipokuwa. Halafu akageuka akakimbia na wenzake.

Baada ya hapo hakumsalimia tena mtu. Ulikuwa mchezo wa nguvu na pumzi tu, na nguvu na pumzi zilikuwa Kilimani. Hata hivyo Bondeni waling'ang'ania. Walichukua mipira mingine kwa ukaidi mtupu. Dakika zilipokaribia kwisha walikuwa nyuma kwa kikapu kimoja, na mpira ukatoka kwenye ubao wa goli, ukagonga saruji, ukarukiwa na Tatu na Mama Eliamani kwa pamoja.

Sikujua alikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote. Filimbi ilikuwa mdomoni.

Tatu alikuwa ameushika. Taa ilikuwa nyekundu, inawaka wazi, kila mtu aliiona. Alikuwa amekaza vidole mpaka kucha zimekuwa nyeupe, hamtazami Mama Eliamani, anatazama mpira. Sheria ilitaka mwamuzi ahesabu pumzi mbili kabla ya kupuliza, taa itulie. Sikujua alihesabu moja.

Tatu akavuta kama alivyovuta sufuria.

Mama Eliamani alikuwa amechoka. Mguu wake uliteleza, mwili mzima ukaenda mbele, na kichwa chake, na zile mvi, vikawa vinakwenda kwenye saruji. Tatu aliachia mpira. Alimdaka kwa mikono miwili, chini ya makwapa, wakaanguka wote, Tatu chini.

Mpira ulidunda kidogo pembeni yao. Ulikuwa bluu.

Peragia alikuwa upande wa pili, filimbi mdomoni, hakupuliza. Alimtazama Sikujua, na Sikujua akaona kwamba Peragia angepokea chochote atakachoamua. Kama angeonyesha Bondeni, Peragia asingebisha. Angeweza kusema pumzi zilikuwa zimekwisha na taa ilikuwa nyekundu. Nani alihesabu pumzi zake?

Lakini taa ilikuwa bluu, na miji miwili ilikuwa inaiangalia. Nje ya kamba wanaume walikuwa wamekwisha kusimama.

Sikujua alipuliza. Akanyoosha mkono kuelekea Kilimani.

Tatu bado alikuwa chini. "Umeumia, mama?" alikuwa anauliza. "Umeumia wapi?"

Mchezo ulikwisha hivyo. Sikujua alisubiri matusi. Alisimama katikati ya uwanja makusudi, ili anayetaka kumtukana asimtafute. Watu wa Bondeni walipita karibu naye, mmoja mmoja, wakirudi chini. Hakuna aliyemtukana.

"Pole na kazi," walimwambia. "Pole na kazi, mwamuzi."

*

Viti vya jioni havikuwa na orodha wala zamu. Bondeni waliviendea kwa kuwahi, na waliowahi ni wenye miguu. Wiki ya tatu mama hakuweza tena kupanda mlima peke yake. Sikujua alimshika upande mmoja na Tatu upande mwingine, wakafika jua likiwa limelegea juu ya paneli za Chujio.

"Kimebaki kimoja," mlinzi aliwaambia mlangoni. "Na nusu saa ya umeme. Harakisheni."

Mama aliingia ndani, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Wakati huohuo mkono mwingine ulishika upande wa pili. Alikuwa Wande, msichana wa nyumba ya pili kutoka kwao, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa vijistari. Walikuwa wamefika pamoja kabisa. Hata mtu aliyesimama karibu asingeweza kusema nani ametangulia.

Wande hakumwamkia mama. Aliangalia kiti. Vidole vyake vilikuwa vimekaza.

Mama naye hakumsalimia. Mkono wake nao ulikuwa umekaza. Kwa mwezi mzima ulikuwa umevutana na sufuria.

"Mlinzi, amua," mtu mmoja alisema.

"Mimi si mtu wa kuamua," mlinzi alisema. "Mnaye mwamuzi hapo."

Wote waligeuka. Filimbi ilikuwa shingoni kwa Sikujua, alikuwa ameizoea mpaka hakuivua. Mtoto wa Wande alianza kulia. Tatu alimkamata dada yake mkono, akamkamata kwa nguvu, lakini hakusema aamue vipi.

Hakukuwa na mshale. Kama ungekuwapo, ungeelekea upande mmoja, na wa upande wa pili angejua kwamba kesho ni yake. Hakukuwa na utando. Kulikuwa na mikono miwili kwenye kiti, na macho yake.

Aliona kidole kidogo cha mama kinaachana na mbao. Kisha kinachofuata. Havikuinuka, vililegea tu. Sikujua hakujua kama ulikuwa mkono uliochoka au mkono uliotoa. Utando nao usingejua. Aliinua macho amtazame mama usoni, apate kujua, lakini mama alikuwa ameugeuza uso upande wa mtoto anayelia.

Akaweka filimbi mdomoni. Sauti yake ilikuwa kubwa mno katika chumba kile, mtoto akanyamaza.

Akamwonyesha Wande.

Wande alikaa upesi bila kumtazama mtu. Mlinzi akaanza kumfunga mirija. Mama alishusha mkono, akaupangusa kwenye kanga yake polepole, mbele na nyuma, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

"Umeona vizuri, mwanangu," alisema. "Haya, nishikeni tushuke."